ASIYEHESABIWA HALIPIWI: WATOTO WA KASKAZINI WANAIDAI SERIKALI



Liko deni moja ambalo Serikali ya Kenya inadaiwa na watu wasioweza kwenda mahakamani, wala kuandamana, wala kupiga kura. Wadai hao ni watoto wetu wasioona, watoto viziwi, watoto wasioweza kutembea, na watoto wenye ulemavu wa akili, waliozaliwa katika nchi ya Kaskazini: Turkana, Marsabit, Samburu, Isiolo, Garissa, Wajir na Mandera. Deni lenyewe ni elimu. Waliahidiwa na Katiba, nao hawajalipwa. Gazeti hili linaona haya kunyamaza, kwa hiyo leo twalisema jambo hili waziwazi, ili mwenye masikio asikie na mwenye madaraka ajibu.

Tuanze na sheria, maana wako watu watakaosema kwamba twaomba sadaka. Hatuombi sadaka. Katiba tuliyoipitisha wenyewe kwa kura mwaka 2010 inasema katika Kifungu cha 53 kwamba kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi, ya bure na ya lazima. Kifungu cha 54 kinasema kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kufika katika shule na taasisi zinazomfaa. Kifungu cha 56 kinaiagiza serikali iweke mipango ya kuwapa watu wa makundi yaliyoachwa nyuma nafasi za pekee katika elimu. Basi mtoto kiziwi wa Wajir anashikwa na vifungu vyote vitatu kwa mara moja: yeye ni mtoto, ana ulemavu, na ametoka nchi iliyoachwa nyuma. Kama Katiba ingekuwa chakula, mtoto huyu angekuwa ameshiba kupita watoto wote wa Kenya. Lakini ukienda kumtazama utamkuta nyumbani, amekaa chini ya kivuli, na wenzake wamekwenda shule.

SHILINGI SITA KWA SIKU

Sasa tuzitazame fedha. Tangu Januari 2003 serikali ilipoondoa karo katika shule za msingi, imekuwa ikipeleka shuleni fedha kwa hesabu ya vichwa. Kiasi kilichowekwa kwa mtoto wa msingi ni shilingi 1,420 kwa mwaka. Mtoto mwenye mahitaji maalum ameongezewa shilingi 2,300 juu yake. Tunakubali kwamba nyongeza hiyo ni jambo jema, na waliolianzisha walifikiri vizuri. Lakini msomaji achukue kalamu agawanye shilingi 2,300 kwa siku 365 za mwaka. Atapata shilingi sita na senti thelathini kwa siku. Fedha hiyo hainunui hata chapati moja. Ndiyo inayotakiwa kununua karatasi nene za kuandikia Breli, kurekebisha kiti cha magurudumu, kutia betri katika kifaa cha kusaidia kusikia, na kumlipa mtu wa kumsaidia mtoto asiyeweza kwenda msalani peke yake. Mashine moja ya kuandikia Breli inagharimu makumi ya maelfu ya shilingi. Mwalimu mkuu mwenye watoto watatu wasioona angekusanya nyongeza yao kwa miaka mingi, naye asiguse kitu kingine, ndipo aipate mashine moja. Na wakati huo watoto wenyewe wamekwisha kuwa watu wazima.

Tena fedha hizo hazifiki kwa pamoja. Hugawanywa kwa mihula: asilimia 50 muhula wa kwanza, 30 wa pili na 20 wa tatu, na kila mwalimu mkuu wa nchi hii anajua jinsi zinavyochelewa. Mwaka 2025 Waziri wa Fedha, John Mbadi, aliiambia Kamati ya Elimu ya Bunge kwamba serikali haiwezi kutoa kwa ukamilifu shilingi 22,244 zilizoahidiwa kila mwanafunzi wa sekondari. Kama mtoto asiye na shida yoyote hapati alichoahidiwa, itakuwaje kwa mtoto ambaye kitabu chake ni lazima kichapishwe kwa nukta?

Shule ya mji mkubwa, fedha zikichelewa, humwendea mwenye duka wakaelewana. Wako wazazi wenye mishahara, yako makanisa na misikiti yenye uwezo, wako wahisani wanaopita kwa gari. Lakini katika shule ya kijijini huko Marsabit au Mandera kila kitu kimepanda bei kwa sababu ya njia. Unga na mafuta vimesafiri mamia ya kilomita. Fundi wa kurekebisha kifaa cha kusikia hayupo, kwa hiyo kifaa hufungwa kikapelekwa Nairobi, na nauli ya kukipeleka yaweza kupita nyongeza yote ya mtoto kwa mwaka mzima. Hata kiti cha magurudumu kina habari yake. Kiti chenye matairi membamba kimetengenezwa kwa sakafu ya simiti na barabara ya lami. Kikiingia katika mchanga wa Turkana kinazama, na mtoto akikaa juu yake hana tofauti na mtu aliyepewa mashua jangwani. Shilingi ya Thika na shilingi ya North Horr zina picha moja, lakini hazina nguvu moja. Serikali inapogawa sawa kwa vichwa, yadhani imetenda haki. Sisi twasema haijatenda.

FEDHA HUFUATA JINA

Lakini hata kiasi cha fedha si shina la taabu hii. Shina ni kwamba fedha hufuata jina. Jina likiwa halimo katika daftari la serikali, senti haitoki. Na majina ya watoto wetu hayamo.

Chukua mfano wa mtoto kiziwi aliyezaliwa katika boma la wafugaji karibu na North Horr. Ili serikali imlipie ile nyongeza, ni lazima kwanza apelekwe mbele ya wataalamu wampime na kuandika kwamba ni kiziwi. Kazi hiyo hufanywa na vituo vya tathmini ya elimu, ambavyo vilianzishwa mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, navyo vimefanya kazi njema kila mahali vilipopewa watu na vyombo. Kutoka North Horr mpaka mji wa Marsabit ni karibu kilomita 200. Mama atapanda lori akiwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Atalala mjini kwa nani? Mbuzi atawaachia nani? Na akifika akaambiwa kwamba mpimaji yuko safarini, au mashine ya kupimia masikio imeharibika, atarudi lini tena?

Tuseme amepimwa. Sasa ni lazima aandikwe shuleni. Tangu 2017 wizara ilianza kuandikisha wanafunzi kwa mtambo uitwao NEMIS, na mtambo huo ulidai namba ya cheti cha kuzaliwa. Mitambo hubadilishwa, na jina lake hubadilika, lakini kanuni imebaki ileile, kwamba asiye na namba hana fungu. Mtoto aliyezaliwa porini, kwa mkunga wa kienyeji, siku mbili kwa miguu kutoka kwa chifu, cheti atakitoa wapi? Na mzazi mwenyewe huenda hana kitambulisho, kwa sababu kwa miaka mingi mtu wa Kaskazini aliyetaka kitambulisho alipelekwa mbele ya kamati ya kumkagua kama mgeni, jambo ambalo mwananchi wa Nyeri hakulijua. Ukaguzi huo uliondolewa kwa tangazo la Rais mwezi wa Februari 2025. Tulifurahi. Lakini tangazo halirudi nyuma kumwandikisha mtoto ambaye miaka yake ya shule ilikwisha kupita akingoja karatasi ya baba yake.

Hivyo mtoto yule hakupimwa, hakuandikwa, hakulipiwa. Shule haikupata fedha zake, kwa hiyo haikuweka mwalimu wala chombo. Kwa kuwa shule haina mwalimu wala chombo, mzazi wa mtoto wa pili husema, nimpeleke kufanya nini? Naye hampeleki. Mwisho wa mwaka wakubwa hutazama daftari, wakaona watoto wachache, wakasema: huko Kaskazini haja ni ndogo. Mduara huu ndio unaowala watoto wetu.

SITA KATI YA ELFU

Msomaji asidhani twatia chumvi. Sensa ya mwaka 2019 iliuliza habari za ulemavu kwa watu wa miaka mitano na zaidi. Katika Kenya nzima walipatikana asilimia 2.2. Embu walipatikana asilimia 4.4. Wajir walipatikana asilimia 0.6, kiasi cha chini kabisa. Maana yake ni kwamba katika kila watu elfu wa Embu waliandikwa 44, na katika kila watu elfu wa Wajir waliandikwa 6.

Twauliza: Je, Wajir ni nchi yenye afya kupita nchi zote za Kenya? Ina hospitali nyingi kuliko Embu? Akina mama wake huzaa wakiwa na madaktari kando yao? Kila mtu anajua jibu. Kaskazini ndiko ugonjwa wa trakoma, unaofumba macho ya watu, ulikozoea kukaa, hasa Turkana, Samburu na Marsabit. Kaskazini ndiko polio ilikozuka mwaka 2013, katika eneo la Dadaab huko Garissa. Kaskazini mtoto akishikwa na homa ya uti wa mgongo au surua hukaa mbali na dawa, na magonjwa haya hupita yakiacha uziwi. Uzazi ulio mgumu, usio na daktari, humwacha mtoto na ubongo uliokosa hewa. Mahali pa namna hiyo hapawezi kuwa na watu wenye ulemavu wachache kuliko penginepo. Watu wapo. Macho ya serikali ndiyo hayakuwaona.

Na mpanga bajeti akiishika namba 0.6 mkononi, ataigawa Kaskazini kwa namba hiyo. Hesabu yake itakuwa sahihi, na dhuluma itakuwa imekamilika.

MZIZI WA JAMBO

Hali hii haikuanguka kutoka mbinguni. Mkoloni aliifunga Kaskazini. Kwa sheria ya mwaka 1902 na nyingine ya 1934 aliifanya wilaya za pekee, mtu haingii wala hatoki bila ruhusa, na huko alitaka askari wa mpaka na amani ya mpaka, basi. Shule hakuzitaka. Jeshi la Wokovu lilipoanza kazi ya kuwafundisha wasioona mwaka 1946, lilianza Thika. Shule nyingine za watoto wenye ulemavu zilipofuata, zilifuata reli na misheni, katikati ya nchi na magharibi.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963, Kaskazini iliingia katika vita vilivyoitwa vya shifta mpaka 1967, na sheria za hali ya hatari zikabaki mpaka mapema miaka ya 1990. Wakati vita vinaendelea, serikali ilitoa Waraka Na. 10 wa 1965, juu ya Ujamaa wa Kiafrika. Waraka ule ulikuwa na maneno mengi mazuri, lakini ndani yake ulisema kwamba fedha za maendeleo ziwekwe mahali zitakapoleta ongezeko kubwa la mapato, penye ardhi nzuri na mvua, na reli na barabara. Hivyo mwenye nacho akaongezewa. Mfugaji wa Turkana aliambiwa angoje matone yatakayomwagika kutoka meza ya jirani. Kama mfugaji mzima aliwekwa nyuma namna hiyo, mtoto wake asiyeona aliwekwa nyuma ya nyuma.

Ndiyo maana mpaka leo mtu wa Kaskazini akipanda basi kwenda Nairobi husema, naenda Kenya. Wako wanaocheka wakisikia hivyo. Sisi hatucheki. Mtu asemaye hivyo ametoa hukumu juu ya serikali zote zilizotangulia.

Kisha likaja jambo la walimu. Mwezi wa Novemba 2014 majambazi wa Al-Shabaab waliwaua abiria 28 wa basi karibu na mji wa Mandera, na wengi wao walikuwa walimu wakienda likizo. Mwezi wa Aprili 2015 waliua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa. Mwezi wa Januari 2020 waliwaua walimu watatu huko Kamuthe. Kila mara walimu waliotoka kusini waliondoka, na Tume ya Huduma za Walimu ikawahamisha. Hatuwalaumu walimu hao. Hakuna mtu anayepaswa kufa kwa sababu ya kufundisha hesabu. Lakini twataka watu waelewe ni nani aliyeumizwa zaidi. Darasa la kawaida likikosa mwalimu, kijana wa kijiji aliyemaliza sekondari aweza kushika chaki kwa muda. Darasa la viziwi likikosa mwalimu ajuaye Lugha ya Ishara ya Kenya limekufa siku ile ile. Darasa la wasioona likikosa ajuaye Breli limekufa pia. Na kwa kuwa Taasisi ya Elimu Maalum, KISE, iliyoanzishwa mwaka 1986, iko Nairobi, wengi waliojifunza kazi hiyo walikuwa watu wa kusini.

TWAJIBU HOJA ZAO

Tunazijua hoja za wanaotupinga, nasi twazijibu moja moja.

Wanasema wazazi wa Kaskazini huwaficha watoto wenye ulemavu. Wako wanaowaficha, hatukatai. Lakini hata Embu na Kisumu walikuwapo, na kilichowatoa watoto wale nje hakikuwa mahubiri. Mzazi alimwona mtoto wa jirani amekwenda shule akarudi anajua kuandika jina lake, naye akamtoa wa kwake. Fungueni shule muone kama watafichwa.

Wanasema wafugaji huhamahama, hawashikiki. Mbona wanapotafutwa kwa mambo mengine hushikika? Wachanjaji wa polio huingia boma kwa boma na sanduku lao la barafu. Makarani wa sensa walifika. Makarani wa kura hufika kila baada ya miaka mitano, na wagombea huwatangulia. Kama karani wa kura aweza kumpata mfugaji kisimani, mpimaji wa masikio aweza kumpata papo hapo. Tena tangu Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 liko Baraza la Taifa la Elimu ya Wahamaji, ambalo kazi yake ni hiyohiyo.

Wanasema sera mpya ya 2018 imeamua kwamba watoto wenye ulemavu wasome pamoja na wenzao katika shule iliyo karibu, kwa hiyo hakuna haja ya gharama za pekee. Sera ile ni nzuri nasi twaiunga mkono, maana hatupendi mtoto atengwe. Lakini shule iliyo karibu iko kilomita ngapi? Mlango wake una ngazi au njia ya mteremko? Mtoto mwenye ualbino atakaa wapi, ikiwa darasa ni kivuli cha mgunga na jua la Lodwar ni lile tulijualo? Kumwingiza mtoto katika shule isiyomfaa, kisha kusema amejumuishwa, ni kumdanganya.

Wanasema elimu sasa iko mikononi mwa kaunti, tukawaulize magavana. Hilo ni kosa. Katiba imezipa kaunti shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule za msingi na za sekondari, pamoja na walimu wao, ziko chini ya serikali ya taifa. Mlango wa kubisha uko Nairobi.

Wanasema mwisho kwamba fedha hazipo. Hapa twataka msomaji asikilize vizuri. Kifungu cha 204 cha Katiba kiliunda Hazina ya Usawazishaji, na kikaamuru kila mwaka iwekwe nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa, kwa kazi moja tu: kuyafikisha maeneo yaliyoachwa nyuma mahali walipo wengine. Fedha hizo hazikuachiwa hiari ya mtu. Lakini kwa miaka mingi zilikwama, mara kwa kanuni zisizotimia, mara kwa kesi mahakamani, mara kwa kutotolewa kabisa. Sera ya kwanza ya mwaka 2013 ilitaja kaunti 14 zilizoachwa nyuma. Sera ya pili ya mwaka 2018 ikalitawanya fungu katika maeneo ya kaunti 34. Na Katiba yasema kifungu chenyewe kitakwisha nguvu baada ya miaka 20, yaani mwaka 2030, Bunge lisipokiongeza muda. Basi fedha zipo kwa sheria, zimecheleweshwa kwa vitendo, na saa inakwenda.

Watasema kwamba Hazina hiyo ni ya maji, barabara, afya na umeme. Kweli hivyo vimetajwa. Lakini Katiba imesema huduma za msingi "pamoja na" hivyo, na Kifungu cha 259 chaeleza kwamba neno hilo halifungi orodha. Na hata wakishikilia orodha ileile, hatushindwi. Kisima ndani ya shule ya watoto wasioweza kwenda mtoni ni maji. Njia ya kupitisha kiti cha magurudumu mpaka shuleni ni barabara. Kupima masikio ni afya. Taa ya mtoto mwenye macho hafifu, na waya wa kutia moto vifaa vya kusikia, ni umeme.

TUNATAKA NINI

Basi chama kisilie tu. Haya ndiyo twayataka, na twawaomba wabunge wetu wayapeleke Bungeni bila kuyapunguza.

Kwanza, vituo vya tathmini vipewe magari, mafuta, vyombo na watu, viende visimani, sokoni na katika maboma, kwa zamu inayotangazwa redioni kwa Kisomali, Kiborana, Kiturkana, Kirendille na Kisamburu. Vifuatane na wachanjaji na waandikishaji wa vizazi, ili mama akae siku moja tu, naye aondoke mtoto wake amepimwa na kuandikwa cheti. Marsabit peke yake na Turkana peke yake kila moja inapita kilomita za mraba 60,000, na Kiambu haifiki 3,000. Kuzipa kaunti hizi kituo kwa kipimo cha Kiambu ni mzaha.

Pili, mtoto aliyepimwa alipiwe tangu siku ile, hata kama cheti cha kuzaliwa kingali njiani. Karatasi imfuate mtoto.

Tatu, fedha zisigawiwe kwa vichwa peke yake. Kila shule yenye kitengo cha mahitaji maalum ipewe fungu la msingi la kuweka vyombo na mtumishi, wawe watoto watatu au thelathini. Juu ya hilo iongezwe fedha ya umbali, kwa kadiri bei na nauli zinavyopanda. Walimu wenyewe hupata posho ya mazingira magumu. Kama serikali imekubali kwamba maisha ni magumu kwa mwalimu, mbona haikubali kwamba ni magumu kwa mwanafunzi?

Nne, vijana wa Kaskazini wenyewe, wake kwa waume, wakiwamo wenye ulemavu, walipiwe kujifunza ualimu wa elimu maalum, na masomo yaletwe karibu nao, kwa mfano katika chuo cha ualimu cha Garissa, kisha waandikwe kazi katika kaunti zao. Hili ndilo litakalozuia madarasa kufa kila panapotokea hatari.

Tano, katika miaka hii iliyobaki kabla ya 2030, fungu linalojulikana la Hazina ya Usawazishaji litengwe kwa mabweni, maji, vyoo na umeme wa shule zinazowapokea watoto hawa, na Bunge lianze mapema kuzungumza juu ya kukiongeza muda kifungu chenyewe.

Sita, kila mwaka wizara iweke mbele ya Bunge orodha inayoonyesha, kaunti kwa kaunti, watoto wangapi wenye mahitaji maalum wameandikwa na shilingi ngapi zilitumwa, na tarehe zilipofika. Jambo linalofanywa gizani halisahihishwi.

KAZI YA MATAWI

Lakini chama cha wananchi hakikai kungoja serikali ifanye kila kitu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Twawaagiza wanachama wetu wa kila tawi la Kaskazini waanze kazi moja ndogo: kuhesabu. Kila tawi liwe na daftari. Wanachama wawili, mmoja mwanamume na mmoja mwanamke, wapite nyumba kwa nyumba na boma kwa boma, kwa heshima na kwa salamu, wakifuatana na mzee wa mahali na mwalimu au mhudumu wa afya. Waandike idadi ya watoto wasiokwenda shule kwa sababu ya ulemavu, umri wao, na umbali mpaka shule. Majina yao na habari za nyumbani yawekwe kwa siri, yapewe mwalimu mkuu na ofisi ya elimu tu kwa idhini ya mzazi. Watoto hawa si vitu vya kuonyeshwa watu, wala picha zao si za kubandikwa katika mikutano.

Mwanachama mwenye mtoto kama huyo awe wa kwanza kumtoa nje. Maimamu, mapadri, wachungaji na wazee wa kabila waseme nasi kwa sauti moja kwamba mtoto huyu si laana wala si aibu, ni amana. Na ninyi ndugu wanachama wa Kakamega, Kisii, Murang'a na Mombasa, msiseme hili ni jambo la Wasomali au la Waturkana. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini mwenye chama anapaswa kumjua. Waulizeni wabunge wenu watapiga kura gani fungu hili litakapoletwa.

Daftari za matawi zikijaa, hatutakwenda Nairobi na malalamiko. Tutakwenda na hesabu, kata kwa kata. Ndipo tutamwuliza mwenye kushika funguo za Hazina: Watoto ni hawa, Katiba ni hii, na fungu lao liko wapi?

Dawa ya deni ni kulipa. Twahesabu, nanyi mlipe.

Harambee!